Nani Aliyeiogopa Sinema?

Msomaji, kuna hadithi moja ambayo hapana shaka umepata kuisikia, au utaisikia kabla hujamaliza masomo yako. Husimuliwa kwamba sinema ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, watu waliona picha ya gari la moshi likiwajia, wakapiga makelele, wakapindua viti na kukimbilia mlangoni, wakidhani gari litawaponda. Hadithi hiyo ina ladha, na kila anayeisimulia huitia chumvi yake. Isimuliwapo juu ya watu wa Paris huwa kichekesho kidogo, kisha husahauliwa. Lakini isimuliwapo juu ya watu wa Asia au wa Afrika hugeuka ikawa hoja: kwamba watu waliotawaliwa walikuwa kama watoto mbele ya mashine ya mgeni, kwamba hawakuweza kupambanua kivuli na kitu chenyewe, na kwa hiyo ilikuwa haki, tena ilikuwa huruma, mtawala kuwachagulia cha kutazama na kuwafungia kisichowafaa.

Nataka kuipinga hoja hiyo, nami nitaipinga kwa mambo yaliyotokea katika Bara Hindi, Java, Korea na Taiwan wakati wa sinema bubu, yaani tangu mwaka 1896 mpaka picha zilipoanza kusema katika miaka ya 1930. Ninavyoona mimi, aliyeiogopa sinema katika nchi hizo hakuwa yule mtazamaji maskini aliyeketi chini juu ya mkeka. Aliyeiogopa ni mtawala wake, na hofu yake haikuwa kwamba watu hawataielewa. Alihofu kwamba wataielewa mno.

Tuanze na gari lenyewe la moshi. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watazamaji wa kulipa mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Zilikuwa picha kumi, na ile ya gari la moshi haikuwamo. Ilikuja kuonyeshwa baadaye. Na wanachuoni waliopekua magazeti na taarifa za wakati ule hawakuona ushahidi wa umati uliokimbia. Miezi sita ikapita. Tarehe 7 Julai 1896, mjumbe wa ndugu wale, Marius Sestier, akiwa safarini kwenda Australia, alionyesha picha sita mjini Bombay katika hoteli ya Watson. Safari hii gari la moshi lilikuwamo. Tikiti ilikuwa rupia moja, na rupia ni fedha waliyoijua vizuri wazee wetu wa pwani. Hoteli ya Watson ilikuwa hoteli ya Wazungu. Basi kama yuko mtu aliyeruka kitini siku ile, yamkini sana alikuwa bwana mkubwa mwenye sharubu na saa ya dhahabu.

Siku chache baadaye picha zilihamishiwa katika jumba la michezo lililoitwa Novelty, na hapo ndipo Wahindi wengi wa mjini walipoziona. Je, gari la moshi lilikuwa kitu gani kwao? Reli ya kwanza ya Bara Hindi ilianza kazi kutoka Bombay hadi Thana mwaka 1853. Sinema ilipofika, Wahindi walikuwa wamekwisha kusafiri kwa gari la moshi miaka arobaini na mitatu. Waliujua moshi wake na kelele zake, na zaidi ya yote waliyajua mabehewa ya daraja la tatu walimosongamana kama dagaa kikapuni. Mtu aliyezaliwa akalikuta gari la moshi limekwisha kuzeeka, kwa nini aikimbie picha yake, isiyo na sauti wala rangi?

Tena zingatia jinsi mwenye jumba alivyopanga biashara yake. Tikiti pale Novelty zilikuwa za bei mbalimbali, tangu ana nne mpaka rupia mbili, na kulikuwa na vyumba vya faragha vilivyotengwa kwa wanawake watawa na jamaa zao. Mfanyabiashara hawezi kujisumbua kupanga hivyo kwa watu anaodhani watakimbia. Alijua kwamba jamaa nzima za mjini zitakuja, zitaketi kwa adabu, na zikitoka zitaulizana kama fedha yao imekwenda bure.

Wala hawakukaa kutazama tu. Mpiga picha mmoja wa Bombay, Harishchandra Bhatavdekar, aliagiza kamera kutoka London, na mwaka 1899 akapiga filamu ya mashindano ya mieleka katika bustani za mji huo. Kule Calcutta, Hiralal Sen alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni yake mwaka 1898. Mwaka 1902 Jamshedji Framji Madan, Mparsi mwenye akili kali ya biashara, alisimamisha hema katika uwanja mkuu wa Calcutta akaonyesha filamu humo. Na kabla miaka ya 1920 haijaisha, kampuni ya Madan ilikuwa na majumba zaidi ya mia, katika Bara Hindi, Burma na Ceylon. Na kusini, katika mji wa Tiruchirappalli, karani mmoja wa reli, Samikannu Vincent, alinunua mashine na filamu za Mfaransa msafiri mwaka 1905, akaacha kazi ya kalamu, akazunguka na hema lake mji kwa mji. Nikimfikiria karani huyu hucheka peke yangu. Vitabu vinatuambia kwamba mwenyeji wa Asia aliikimbia picha ya gari la moshi. Huyu alilikimbia gari lenyewe la moshi ili aifuate picha!

Sasa twende Java, maana huko jambo hili linaonekana waziwazi zaidi. Mwezi Desemba 1900 matangazo ya sinema yalitoka mjini Batavia, mji ambao sasa huitwa Jakarta, makao makuu ya Waholanzi. Viti viligawanywa kwa madaraja, na bei ikafuata daraja, na daraja aghalabu ikafuata rangi ya ngozi. Baadaye, mahali pa bei rahisi, pa wenyeji, pakaitwa daraja la mbuzi. Katika majumba mengine wenyeji waliketishwa nyuma ya kitambaa, hata picha ikawafikia imegeuka: upanga uliokuwa mkono wa kuume ulionekana mkono wa kushoto, na maandishi yakasomeka kinyumenyume. Ndivyo ukoloni unavyokuwa, hutaka fedha ya mtu bila kutaka kukaa naye upande mmoja.

Lakini ni nani hao walioketishwa nyuma ya kitambaa? Kwa karne nyingi Wajava wamekuwa wakitazama wayang, mchezo wa vivuli vya vinyago vya ngozi juu ya kitambaa kinachomulikwa na taa. Fundi wa mchezo huo, aitwaye dalang, huviendesha vinyago vyote peke yake na kuvisemea vyote, mfalme na mtumishi, shujaa na jini, usiku kucha mpaka alfajiri. Watazamaji wengine hukaa upande wa vivuli. Wengine hukaa upande wa dalang, wakaona vinyago vyenyewe na mikono inayovichezesha. Mtu aliyelelewa katika mchezo kama huo alikuwa amefikiri juu ya kivuli na mwenye kukitupa kivuli kabla Lumière hajazaliwa. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo kuketishwa nyuma ya kitambaa hakukuwa tusi. Kulikuwa tusi, na lilikusudiwa liwe tusi. Nasema tu kwamba waliotukanwa hawakuwa wajinga wa kazi ya kutazama. Kama palikuwa na mgeni wa vivuli katika nyumba ile, ni Mholanzi aliyekaa mbele kwenye kiti cha matete.

Labda utaniambia: haya, tumekubali kwamba hawakukimbia, lakini je, hawakuzimeza picha za Ulaya kama zilivyoletwa? Nitakujibu kwa kisa cha mtu mmoja. Mnamo mwaka 1910, au mapema mwaka uliofuata, Dhundiraj Govind Phalke, fundi wa kupiga chapa na kupiga picha ambaye mambo yake yalikuwa yamekwenda mrama, aliingia katika jumba la sinema mjini Bombay akaona filamu ya maisha ya Yesu. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba macho yake yalipokuwa yakimtazama Yesu akipita, akili yake ilikuwa ikimwona Krishna na Rama, na miji yao, na ikimwuliza ni lini wana wa Bara Hindi watapata kuwaona wao wenyewe juu ya kitambaa kile. Tafakari jambo hilo. Filamu ni ileile, jumba ni lilelile; lakini filamu aliyoiona Phalke haikuwa ile iliyotengenezwa Ulaya. Alikuwa ameketi gizani akitengeneza nyingine.

Mwaka 1912 alikwenda London kujifunza kazi na kununua vifaa, na tarehe 3 Mei 1913 filamu yake, Raja Harishchandra, ikafunguliwa kwa watu wote katika jumba la Coronation mjini Bombay. Ni kisa cha kale cha mfalme aliyetoa ufalme wake, mke wake na mwanawe kwa ajili ya kutimiza ahadi. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa chochote. Kisa walikijua tangu walipokuwa mapajani mwa bibi zao, na waliingia kuhukumu kama Phalke amekisimulia sawasawa. Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza, ili usidhani kwamba naandika sifa tupu. Phalke hakupata mwanamke hata mmoja wa kucheza nafasi ya malkia. Aliwaomba hata wanawake waliodharauliwa na watu kwa kazi yao, nao wakakataa, maana kusimama mbele ya kamera kulihesabiwa aibu kuliko aibu yao. Malkia akachezwa na kijana mwanamume, Anna Salunke, aliyekuwa akifanya kazi katika mkahawa. Kosa hilo hatuwezi kumtwika Mwingereza. Lilikuwa la wenyewe. Miaka minne baadaye Salunke huyohuyo alicheza Rama na Sita wote wawili katika filamu moja, Lanka Dahan, na watu wakamiminika kuitazama.

Basi hao ndio watazamaji. Sasa mtazame mtawala. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi ilitunga sheria ya sinema, na tangu mwaka 1920 bodi za wakaguzi zikaanza kazi Bombay, Calcutta, Madras na Rangoon. Ilisemekana kwamba shabaha yake ni usalama na maadili. Usalama naukubali, kwa kuwa filamu za siku zile zilishika moto upesi kama petroli, na jumba lililojaa watu halina mzaha. Bali hayo maadili tuyachunguze. Huko Uingereza kwenyewe, bodi ya wakaguzi ilikuwa na orodha ya mambo 43 yasiyofaa kuonyeshwa, iliyotolewa mwaka 1917 na mkuu wake T. P. O'Connor, na bodi za Bara Hindi zilifuata mwongozo wa namna hiyo. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na mambo ya ulevi na ya uchi, palikuwa na katazo la filamu zinazowaonyesha maofisa wa Kiingereza walioko Bara Hindi kwa sura ya kuchukiza, au zinazopunguza heshima ya Uingereza katika himaya yake. Palikatazwa pia mambo yahusuyo ugomvi wa matajiri na wafanya kazi. Kama mtazamaji ni mtoto asiyejua kulia na kushoto, ya nini kumficha sura mbaya ya ofisa? Mtoto haoni ubaya wa ofisa. Anayeficha hivyo anakiri kwamba atakayeona atapima, na akipima ataamua.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni habari ya filamu Bhakta Vidur ya mwaka 1921. Kwa nje ilikuwa kisa cha dini kutoka Mahabharata, juu ya Vidur, mtu mwadilifu aliyeishi katika nyumba ya wafalme waovu. Lakini mchezaji aliyekuwa Vidur alivaa nguo ya khadi na kofia nyeupe, na kila aliyemwona alimtambua Gandhi. Mwaka huo ndio mwaka ambao watu wa Bara Hindi, kwa wito wa Gandhi, walikuwa wakigoma kushirikiana na serikali. Filamu ilipigwa marufuku Karachi na Madras. Fikiri maana ya marufuku hiyo. Wakaguzi walitazama filamu bubu yenye mzee wa zamani za kale, wakaona siasa ya wiki ile. Na waliipiga marufuku kwa kuwa walijua hakika kwamba mchukuzi na mfuma nguo wataona vilevile. Siku hiyo mtawala na mtawaliwa walikuwa wasomaji wa darasa moja, wamesoma sentensi moja, wakafahamu maana moja. Hadithi yetu ya watoto wanaoogopa gari la moshi tuiweke wapi hapo?

Miaka michache baadaye kelele zikazidi. Wakubwa wengine wa Kiingereza walilalamika kwamba filamu za Marekani zinamshusha Mzungu machoni pa Wahindi, kwa kuwa zinawaonyesha wanawake wa kizungu wakibusiwa, na wanaume wa kizungu wakiiba, wakilewa na kupigana. Sikiliza lalamiko lilivyo! Halisemi kwamba filamu ni za uongo. Linasema kwamba mwenyeji amechungulia ndani ya nyumba ya bwana, akakuta mambo ni kama ya nyumba nyingine yoyote. Na nyuma ya lalamiko hilo la heshima palikuwa na fedha: sehemu kubwa sana ya filamu za kigeni zilizoonyeshwa Bara Hindi zilitoka Marekani, na wenye filamu wa Uingereza walitaka upendeleo katika masoko ya himaya. Mkutano wa himaya wa mwaka 1926 ulilizungumza jambo hilo. Mwaka uliofuata serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, Wahindi watatu na Waingereza watatu, chini ya uenyekiti wa wakili wa Madras, T. Rangachariar.

Kamati ilisafiri huko na huko ikahoji mamia ya watu: wenye majumba, maofisa, walimu, wachezaji, na Phalke mwenyewe. Gandhi naye aliulizwa, akajibu kwa maandishi kwamba hajapata kuingia katika jumba la sinema, na kwamba ubaya wake u wazi. Namheshimu sana mzee yule, lakini jawabu hilo sikubaliani nalo. Mtu asiyepata kuonja mchuzi hana haki ya kusema una chumvi nyingi. Tena latuonyesha kwamba hofu ya sinema haikuwa ya watawala peke yao. Hata watetezi wa wananchi wamekuwa na desturi ya kumlinda mwananchi dhidi ya macho yake mwenyewe.

Kamati ilitoa ripoti yake mwaka 1928. Iliona kwamba kelele juu ya maadili zilipita kiasi, ikakataa upendeleo kwa filamu za himaya, ikapendekeza serikali iisaidie sinema ya Bara Hindi yenyewe. Ilitaja pia kwamba filamu ya kigeni iliyopendwa kuliko nyingine ilikuwa The Thief of Bagdad ya mwaka 1924, aliyocheza Douglas Fairbanks. Sishangai. Ni kisa cha mwizi, binti wa mfalme na zulia lirukalo, jamaa ya hadithi za Alfu Lela Ulela. Mmarekani alikuwa amechota kisima cha Asia, akayarudisha maji katika chupa mpya, na wenye kisima wakayatambua. Mapendekezo ya kamati serikali iliyapokea kwa heshima zote, kisha haikuyatekeleza.

Nisije nikakuacha ukidhani kwamba haya ni mambo ya mbali tu. Hoja hiyohiyo ilisafiri ikavuka bahari mpaka kwetu. Tangu mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza walifanya jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Wazo lililoongoza lilikuwa kwamba Mwafrika ahitaji filamu zake peke yake, nyepesi na za polepole, kwani za kawaida zitamchanganya. Hali Unguja, mwendo mfupi wa jahazi kutoka bandari ya Tanga, jumba la sinema la Royal lilikuwa wazi tangu mwaka 1921, limejengwa na mfanyabiashara wa Kihindi wa palepale, Hassanali Jariwalla, na watu wa kila kabila wakinunua tikiti humo kwa fedha zao. Hao hakuna aliyewauliza kama wamechanganyikiwa.

Narudi Asia, maana sijasema juu ya Korea, na bila Korea hoja yangu ingechechemea. Huko mtawala hakuwa Mzungu. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 ikaishika mpaka mwaka 1945, na Taiwan ilikuwa mkononi mwake tangu mwaka 1895. Mambo yakawa yaleyale, ndiyo maana nakataa kuyapa jina la rangi.

Katika nchi hizo filamu bubu haikuachwa kimya. Kando ya kitambaa alisimama au kuketi msimulizi, ambaye Wakorea humwita byeonsa. Yeye alisoma maandishi ya kigeni kwa lugha ya watu, akawasemea wachezaji wote, akaeleza, akatania, akaliza watu. Watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kutazama picha. Sasa uone tatizo la mtawala. Filamu aliweza kuikagua mchana ofisini, akaikata apendapo. Lakini maneno yalizaliwa usiku, mbele ya watu, na kesho yake yalikuwa mengine. Kwa hiyo msimulizi alilazimishwa kupata leseni, na ndani ya jumba la sinema pakawekwa kiti maalumu cha polisi. Hebu kitafakari kiti hicho. Watu mia kadhaa wanatazama filamu, na mtu mmoja anawatazama wao.

Tarehe 1 Oktoba 1926, siku ileile Wajapani walipofanya sherehe ya kukamilisha jumba kubwa la serikali yao mjini Seoul, jumba la sinema la Danseongsa lilifungua filamu iitwayo Arirang. Aliyecheza ndani yake ni Na Woon-gyu, kijana ambaye mwenyewe alipata kufungwa kwa ajili ya harakati za kudai uhuru. Kisa chake ni cha mwanafunzi aliyerudi kijijini akiwa amerukwa na akili. Mtumishi wa mwenye shamba, kibaraka wa wakubwa, anamwandama dada yake. Mwenda wazimu anamwua kwa mundu. Akiona damu akili zinamrudia, na papo hapo anafungwa kamba na kupelekwa ng'ambo ya kilima. Maandishi ya filamu hayakumshutumu Mjapani hata kidogo, na mkaguzi aliipitisha. Je, kijana yule alirukwa na akili kwa sababu gani? Picha haikusema. Lakini kila Mkorea aliyeketi pale alikumbuka maandamano ya Machi 1919, na mateso yaliyofuata gerezani. Polisi akiwapo, msimulizi alichunga ulimi wake. Akiondoka, alisema zaidi. Waliokuwapo wamesimulia kwamba mwishoni, mtu yule alipokuwa akipelekwa, watu waliimba wimbo wa Arirang pamoja huku wakilia.

Taiwan walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1926 Tsai Pei-huo na wenzake wa Chama cha Utamaduni walinunua mashine na filamu chache, wakaunda kikundi cha kuzunguka vijijini. Filamu zenyewe zilikuwa za mafunzo, miongoni mwake za ukulima wa Denmark. Unaweza kuwaza kitu kisicho na hatari kuliko wakulima wa Denmark? Lakini msimulizi, akisema kwa lugha ya Kitaiwani, aliweza kuuliza kwa nini mkulima wa kule ana chama chake cha ushirika na sauti katika nchi yake, na huyu wa hapa hana. Na polisi kitini pake alimkatiza usimulizi. Polisi yule hakuwa mpumbavu. Alikuwa ameelewa vizuri sana kwamba wasikilizaji wameelewa.

Najua lililobaki la kunipinga. Utasema nageuza kila kicheko cha gizani kuwa uasi. La, sivyo. Wengi walikwenda sinema kucheka na kusahau shida za mchana, nao walikuwa na haki yao. Wengine walikwenda kumtazama Charlie Chaplin akianguka, wakarudi nyumbani wakalala, na dola haikutikisika. Wenye majumba walitafuta faida. Madan huyo niliyemsifu aliwauzia Wahindi filamu za kigeni kwa wingi bila kusumbuka moyoni. Ninalolishikilia ni dogo kuliko uasi, na gumu zaidi kulikana: kwamba mtu aliyelipa ana nne akaketi chini alikuwa na akili timamu kama yule aliyelipa rupia mbili, kwamba alilinganisha alichokiona na alichokijua, na kwamba serikali zilizomwita mtoto ziliajiri wakaguzi, zikaweka viti vya polisi na kutunga sheria kwa sababu hazikuliamini neno lao wenyewe.

Na kama bado wataka kumjua mtazamaji wa urahisi wa kudanganyika, mtafute mahali pengine. Mwaka 1899, Marekani ilipokuwa ikipigana kuiteka Ufilipino, kampuni ya Edison ilitengeneza filamu za vita hivyo katika jimbo la New Jersey. Wafilipino walichezwa na Wamarekani weusi, wakikimbia mbele ya bendera kando ya vichaka vya huko huko kwao. Filamu hizo ziliuzwa na kuonyeshwa kwa watu wa miji mikubwa, wenye kusoma magazeti na kuvaa kofia ndefu.

Filamu ya Arirang imepotea. Imetafutwa kwa miaka mingi, Korea na Japani, na haijapatikana hata nakala moja. Lakini msimulizi mmoja, Seong Dong-ho, alikuwa ameingiza usimulizi wake katika sahani ya santuri, na sauti ile ingaliko. Picha yenyewe, iliyokaguliwa ikapitishwa, hakuna awezaye tena kuiona. Maneno yaliyosemwa kando yake yanasikika.